Flury Aliyeninyang'anya Mpaka Mtakatifu Wangu

Wapwa zangu, habari hii ninayowaandikia hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Nilimsimulia muuza chumvi mmoja wa mji wa Chur, mtu ambaye anaamini kwa moyo wote kwamba kuna nchi samaki wanaruka, naye akanitazama, akafunga mizigo yake, akaondoka na kikombe hakijafika nusu. Lakini ni kweli tupu. Pale nilipoongeza, nimeongeza kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa umezembea.

Ni habari za Flury, mhubiri wetu hapa Gadenboden. Ninyi mnamjua kama mzee anayesahau glavu zake kwenye mazizi ya watu. Mimi namjua tangu sote wawili tuna makamasi, tunachunga mbuzi wa kijiji kwenye mteremko mmoja, na nawaambieni: hakuna mtu duniani niliyemwonea wivu kama huyo. Kila nilichokitaka, nilikikuta kwake. Na ubaya zaidi, hakuwa hata amekitafuta.

Tulikuwa na miaka kumi hivi Padre Gaudenz, yule wa miguu iliyovimba, aliposema kijiji kimekubali kumsomesha mtoto mmoja Kilatini huko Chur. Mmoja tu. Sisi wawili tukaitwa. Mimi nilikuwa nimekariri Baba Yetu kwa Kilatini, mbele na nyuma, na nikaisema bila kupumua.

"Vizuri, Jöri," akasema Padre. "Na maana yake nini?"

Nikamweleza. Nikatumia mikono. Kwenye maelezo yangu mlikuwa na kondoo, na mafuriko, na mfalme aliyepotelewa na pete.

"Na wewe, Flury?"

"Sijui, Padre. Hakuna aliyeniambia."

Padre Gaudenz alicheka mpaka akashika kiti. "Basi aende huyu," akasema. "Huyu mwingine ameshahitimu."

Hivyo ndivyo Flury alivyokwenda Chur, nami nikabaki na mbuzi. Kwa kuwa mikono yangu haikuzaliwa kukaa bure, nikajifunza kuchonga. Nilichonga vikombe, nikachonga vitanda, mwisho nikachonga watakatifu, na ukimwuliza mtu yeyote kuanzia hapa hadi mtoni atakwambia hakuna aliyenifikia. Usipomwuliza atakwambia pia, nitakuwepo kumkumbusha.

Miaka kumi na minane ikapita, Flury akarudi, amevaa joho, padre kamili, kachukua nafasi ya Gaudenz aliyefariki. Wanawake walimpelekea mayai. Nikasema moyoni, haya, ngoja. Mtu wa vitabu hawezi kukaa na watu wa ng'ombe. Atateleza tu.

Akateleza Kwaresima ya pili, na aliteleza kwenye siagi.

Mnajua zamani ilikuwaje, au labda hamjui, maana ninyi mmezaliwa mkono umeshika mkate wenye siagi. Kwaresima siagi ilikuwa haramu. Tupikie mafuta ya zeituni, walisema. Sisi! Watu ambao mzeituni hatujauona hata kwenye ndoto! Mafuta yaliletwa mgongoni mwa nyumbu kutoka ng'ambo ya milima, yakifika yananuka taa ya mwaka juzi. Na siagi yetu wenyewe, ya ng'ombe wetu wenyewe, inakaa ghalani inatukodolea macho. Aliyetaka kuila alinunua barua ya askofu yenye muhuri.

Basi Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, mchana, Flury akaja nyumbani kumjulia hali mama yangu. Mama akampakulia uji wa shayiri. Flury akainuka, akaenda ghalani mwenyewe, akarudi na bonge la siagi kama yai la bata, akalitumbukiza. Mama aliangusha upawa.

"Padre! Leo Ijumaa ya Kwaresima!"

"Najua, Mama Urschla. Ndiyo maana nina njaa."

"Una barua ya askofu?"

"Sina. Ila nimekisoma Kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, natafuta mahali Mungu alipoikataza siagi. Sijapaona."

"Labda hukusoma vizuri," nikadakia mimi.

"Labda," akasema, huku anakoroga. "Njoo kesho tutafute pamoja. Wewe una macho makali."

Mnaona? Utagombana vipi na mtu wa namna hiyo? Unamrushia jiwe, analiokota, anakuuliza kama limekudondoka.

Jumapili akapanda mimbarani, akafungua Kitabu, akasoma kwa lugha yetu hii hii ya kuitia mbuzi. Watu walitazamana. Hatukujua kama Mungu anaielewa. Akasema neema haiuzwi wala hainunuliwi, kwamba Mungu huitoa bure kwa anayemwamini, na kwamba hakuna askofu anayeweza kukuuzia ruhusa ya kula alichokupa Mungu kupitia ng'ombe.

Mzee Thöny, ambaye alikuwa hasikii vizuri na kwa hiyo alidhani na wengine hawamsikii, akasimama katikati ya kanisa. "Kwa hiyo yale mafuta niliyokunywa miaka arobaini?"

"Ulikunywa bure, mzee wangu."

"Nilijua!" Thöny akapaza sauti. "Tumbo langu lilijua siku nyingi!"

Kanisa zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba sikutaka kucheka.

Nitawaambia sasa jambo ambalo silisemi mara kwa mara. Mimi nilizaliwa pacha. Mwenzangu hakulia wala hakubatizwa, wakamzika nje ya ukuta wa makaburi, upande wa kaskazini, kama anavyozikwa mwizi. Mapadre walimwambia mama yangu kwamba mtoto yule yuko gizani milele, hana moto, hana nuru. Miaka thelathini mama alipeleka kibakuli cha maziwa pale nje ya ukuta. Miaka thelathini hakulala usiku mmoja mzima. Nilimchongea watakatifu kumi na mmoja wa kumliwaza. Akawapanga dirishani, akanishukuru, akaendelea kutolala.

Flury akaja, akaketi jikoni. Akamwuliza, "Mama Urschla, nani alikwambia Mungu anahitaji maji ndipo amtambue mtoto wako?"

"Mapadre wote."

"Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikosea, mama. Nisamehe."

Basi. Mama alilia mpaka akakauka, akajilaza pale pale kwenye benchi, akalala mpaka ng'ombe wakaanza kulia kwa kutokamuliwa. Nilikaa nikamtazama anavyolala. Mtu mwema angeshukuru. Mimi nilihesabu wale kumi na mmoja dirishani, nikamchukia Flury kwa moyo wangu wote.

Wivu ni kama funza wa ubao, wapwa zangu. Kwa nje sanamu inang'aa, imepakwa rangi nzuri. Ndani anatafuna. Unachokiona ni unga kidogo sakafuni, unafagia, unasema ni vumbi.

Halafu ikaja habari ya Nesa. Nesa alikuwa mtengeneza jibini wa malishoni, mikono myekundu, ulimi kama kisu cha kuchunia. Nilimchongea kibao cha kupigia chapa siagi, mioyo miwili imezungukwa na majani, kazi ya majira mazima ya baridi. Kwetu kijana akimpa msichana kibao kama hicho, hahitaji kusema neno. Nesa akakipokea, akakigeuza, akasema, "Kizuri, Jöri. Nitafikiri."

Alifikiri majira mawili ya joto. Kisha Flury akahubiri kwamba padre naye ni mwanamume, na kwamba Kitabu hakimkatazi kuoa. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Niliona sasa kajimaliza. Wiki ile ile nikasikia anamwoa nani.

Nikamfuata Nesa zizini. "Padre, Nesa? Umekosa wanaume?"

"Wanaume wapo. Wanaongea mno."

"Mimi siongei mno!"

"Jöri, juzi umeniambia umeua dubu watatu. Mwaka jana alikuwa mmoja."

"Si wamezaana?"

Akacheka mpaka ng'ombe akageuka. Alinipenda, nakwambieni, kwa namna fulani. Lakini aliolewa na Flury, na siku ya arusi siagi iliyowekwa mezani ilikuwa na chapa ya mioyo yangu miwili. Nesa hakuona ubaya wowote. Kibao ni kibao, siagi ni siagi. Flury, ambaye siku hizo alikuwa akiwakataza watu kumwita Padre, anasema baba yetu ni mmoja tu naye yuko mbinguni, alisimama kushukuru, na Bibi Barbla, mkunga wetu, akapaza sauti toka pembeni: "Haya, usiitwe baba. Subiri miezi tisa uone kama utakataa!"

Nilikula siagi ile. Ilikuwa nzuri. Hilo nalo liliniuma.

Baada ya hapo Flury akahubiri kwamba anayeipigia sanamu magoti amemsahau Mungu, na wanaume wa kijiji wakakubaliana kwamba sanamu zitoke kanisani. Utaratibu ulikuwa huu: mtu ambaye yeye au ukoo wake ulilizawadia kanisa sanamu, aje aichukue kabla ya Jumamosi jioni. Itakayobaki, itaingia kwenye tanuri la mkate la kijiji. Watu wakaja na mikokoteni. Bibi Barbla alimbeba Bikira wa nyanya yake mikononi kama mtoto mgonjwa. Mimi sikwenda.

Na mle ndani mlikuwa na Wendelin wangu, mtakatifu wa ng'ombe, urefu wa mtu, amemkumbatia ndama. Watu walitembea siku mbili kumwona. Tatu, wengine. Nililizawadia kanisa mwenyewe siku ya mavuno, na ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya kwa mikono hii. Nikasema, wacha amchome. Amchome mbele ya watu wote. Ndipo watamwona Flury alivyo, na mimi nitakuwa na haki ya kumchukia bila kujificha.

Jumamosi alasiri, mvua inanyesha, natazama dirishani, namwona Flury anapanda kilima. Kainama kama mzee wa miaka mia. Mgongoni kamfunga Wendelin kwa kamba ya nyasi. Matope mpaka magotini. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili alianguka yeye chini, mtakatifu juu.

Nikafungua mlango. "Nani kakutuma?"

"Hakuna." Alikuwa anahema. "Mzito huyu, Jöri. Ulimpa ndama wa nini?"

"Si unasema sanamu ni upuuzi? Mchome!"

Akakaa kwenye gogo langu la kuchanjia. Akapangusa uso kwa mkono wenye matope, ukawa mchafu zaidi. "Zile zilizonunuliwa Chur nilizitia tanurini bila kujiuliza. Hazikumvutia hata mbwa. Lakini hii! Nimewahi kusimama madhabahuni nikasahau maneno ya Misa, namtazama huyu anavyomshika ndama. Watu walikuwa wanakuja kanisani kuangalia kazi ya mkono wako, wanarudi nyumbani hawajamwomba Mungu lolote. Ndiyo sababu haiwezi kukaa mle. Ni nzuri mno."

Sikilizeni. Wateja wangu wote walinisifu, na wote walikuwa wanataka nipunguze bei. Mama alinisifu kwa sababu ni mama. Huyu alikuwa mtu ambaye aliambiwa na Nesa mchana kweupe aonje supu yake, akasema ina chumvi nyingi, mwezi wa kwanza wa ndoa! Mtu huyo hajui kusifu. Kile alichokisema pale kwenye gogo ndicho nilichokuwa nangoja kukisikia tangu Padre Gaudenz aliponicheka. Na kwa nini kilitoka kinywani mwa huyo huyo?

Nikambamizia mlango. Baadaye kidogo nikachungulia. Alikuwa anamsogeza Wendelin chini ya paa, anamgeuza, ili mvua isimpige usoni.

Majira ya baridi yakaisha, na Jumbe Disch, mkuu wa kijiji, akaona muda umefika. Alitaka Misa ya zamani, ile ambayo Flury aliiacha, irudi, na alitaka Flury atoke. Akaitisha mkutano wa wanaume uwanjani chini ya kanisa, Jumapili ya kwanza ya Mei, wapige kura. Flury akishindwa, anatoka kwenye nyumba ya kanisa ndani ya siku nane na kuvuka mlima kutafuta kijiji kingine. Theluji ilikuwa bado imejaa njiani juu, na Nesa alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Jöri," Jumbe akaniambia, "wewe una ulimi. Wazungukie watu."

Nikawazungukia. Sikubagua nyumba. Niliwaambia Flury atapiga marufuku ngoma, kengele, na jibini kubwa kupita kichwa cha mtu. Nilikula vizuri sana juma lile. Hesabu nilikuwa nayo kichwani: wanaume sitini na watatu. Thelathini na mmoja wanamtaka Flury. Thelathini na wawili hawamtaki, na huyo wa mwisho ni mimi. Mtu mmoja tu ndiye aliyetutenganisha, na mtu huyo nilikuwa namfahamu vizuri.

Asubuhi ile mama alinishikia upanga wangu mlangoni, maana kwetu mwanaume haendi kwenye mkutano bila upanga kiunoni. Wanawake hawakuwa na kura. Akasema, "Flury akiondoka, mwanangu, kuanzia leo uji utaupika mwenyewe."

Uwanjani tulisimama duara. Wanawake walikuwa juu ukutani mwa makaburi, na Nesa kati yao, mikono juu ya tumbo. Jumbe Disch alizungumza kwa muda wa kukamua ng'ombe sita. Flury akapewa nafasi, akasema maneno haya tu: "Nimekosea mambo mengi hapa, mengine mnayajua. Niliyowasomea, sikuyatunga. Mkiniondoa nitaondoka, sitawalaani. Kitabu nitakiacha. Yupo kati yenu anayeweza kujifunza kukisoma." Akanitazama. Mimi! Siku ile ambayo nilikuwa nimekuja kumfukuza!

"Anayetaka Flury abaki," akaita Jumbe, "ainue mkono!"

Mikono ikainuka. Jumbe mwenyewe akaanza kuzunguka duara akihesabu kwa sauti, anamgusa kila mtu kifuani kwa fimbo. Ishirini. Ishirini na tano. Mzee Thöny aliinua mikono miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Thelathini. Thelathini na mmoja. Jumbe akafika mbele yangu, anatabasamu, maana hesabu yangu alikuwa nayo, akataka kunipita.

Hapa ndipo mahali ambapo hamtaniamini, na inabidi niandike haraka, maana jirani yangu mmoja nimemsikia anakung'uta theluji viatuni hapo mlangoni. Mimi mkono wangu nilikuwa nimeutia kwenye mkanda, nimeukaza kama msumari. Sikuwa na nia. Naapa sikuwa na nia! Lakini dakika ile ile ukashuka upepo kutoka kileleni, upepo ambao bonde hili halijauona tena. Uling'oa mbao za paa la kanisa. Ulimnyanyua mbuzi wa Thöny ukamweka juu ya mnara wa kengele, ambako alikaa siku tatu. Panga sitini na tatu zililia alani mwake kwa pamoja. Kofia yangu, ile ya manyoya ya sungura, ikaruka kichwani, nami kama mtu yeyote mwenye kofia nikanyoosha mkono juu kuidaka, na Jumbe, maskini, kwa kuona mkono uko hewani, ikambidi aseme thelathini na wawili, na ndivyo ilivyokuwa kwamba kwa sababu ya kofia peke yake Flury alibaki—

"Jöri."

Amesimama nyuma yangu, miwani puani, anasoma juu ya bega langu. Ananuka kitunguu.

"Nenda zako, Flury. Hii si habari yako."

"Jina langu naliona mara nne kwenye ukurasa huu. Herufi zako zimenyooka siku hizi. Lakini siku ile hapakuwa na upepo, ndugu yangu. Moshi wa nyumba zote ulisimama wima kama mishumaa."

"Ulikuwa upepo wa chini."

"Na kofia tulikuwa tumezivua sote. Tulikuwa tumetoka kusali."

"Basi nilikuwa nimeishika mkononi, na upepo ukaja ukaishika kofia, kofia ikauvuta mkono, mkono ukapanda ju—"

"Jumbe hakuamini, akaanza kuhesabu upya. Alirudia mara tatu, Jöri, na mara zote tatu mkono wako ulikuwa juu."

Wapwa zangu, msimsikilize huyu, macho yake yalikuwa chini anaomba, mimi ndiye niliyeona. Ulikuwa upepo wa mara tatu, mmoja baada ya mwingine, na ule wa tatu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hata—